Karatasi Tatu za Mji wa Jangwani

(Maneno yaliyosemwa ukumbini siku ya mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani)



Katibu wa chama aliniandikia barua akitaka niseme juu ya kazi ya upimaji ardhi, kwa muda usiozidi nusu saa, bila kuwalaza watu baada ya pilau. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Nimeona njia ya salama ni kushika mji mmoja tu na kuutazama katika ramani zake, za zamani na za baadaye, moja baada ya nyingine. Mji wenyewe ni Las Vegas, katika jimbo la Nevada, Marekani. Naona wengine mmekwisha tabasamu. Mnaujua kwa kamari na taa. Habari ya kamari nitaigusa mara moja tu, na hata hapo itakuwa ni habari ya mpaka.

Mtaniuliza kwa nini niende mbali kiasi hicho. Nitawaambia. Mji ule ni mdogo kwa umri kuliko Nairobi. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Las Vegas ilianza 1905, nayo kama kituo cha reli, kwa kuwa garimoshi la mvuke hunywa maji kama ng'ombe, na wajenzi wa reli walitua palipokuwa na maji. Kwa hiyo maisha yote ya mji ule, tangu kuzaliwa kwake, yamo ndani ya muda ambao wapima wa kisasa walikuwa kazini na daftari zao. Shirika la Jiolojia la Marekani, lililoundwa 1879, limelichora bonde lile mara nyingi, na katika miaka ya karibuni limeziweka ramani zake zote za zamani, zaidi ya laki moja na nusu, kwenye intaneti, bure, kila mtu ajichukulie. Hizi zilizotundikwa ubaoni nimezichapisha kwa fundi wa mjini kwa bei ya kilo mbili za nyama. Kijana, hebu inyoshe ile ya kwanza, wa nyuma nao waone.

Karatasi hii ilitoka mwaka 1908. Kipimo chake ni 1:250,000, yaani sentimeta moja hapa ubaoni ni kilometa mbili na nusu kule jangwani. Rangi ni tatu tu: kahawia kwa miinuko, buluu kwa maji, nyeusi kwa kazi za mikono ya watu. Mtaona kahawia imejaa tele, nyeusi ni haba, na buluu ni haba zaidi. Tena hiyo buluu yenyewe, sehemu kubwa ni mistari iliyokatika-katika. Vijana wa Kidato cha Tatu, mstari wa buluu uliokatika maana yake nini? Naam, mto wa msimu. Lishikeni jibu hilo. Tutalirudia, maana ziko hoteli kubwa zilizolisahau.

Mji uko wapi? Fuateni reli. Pale penye vidoti vichache vyeusi, ndipo. Miaka miwili baada ya karatasi hii kutoka, sensa ya 1910 ilihesabu watu 800, idadi ambayo shule hii ikichanganya wanafunzi, walimu, wapishi na mbuzi wa bawabu huenda tukaifikia.

Sasa tazameni magharibi, mistari ya kontua inavyobanana. Hiyo ni milima ya Spring Mountains. Kilele chake, Charleston, kinapita futi 11,900, na mji uko kwenye futi 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Theluji ya kule juu huyeyuka, huzama ardhini, husafiri chini ya changarawe na udongo, kisha hutoka tena bondeni. Ndiyo siri ya mahali hapa, kwani mvua ya bondeni haifiki inchi tano kwa mwaka. Na miguuni mwa milima mistari ya kontua imejipinda kwa upole, nusu duara baada ya nusu duara, kama upepeo wa ukindu uliofunguliwa. Huo ni mchanga na mawe yaliyoshushwa na mafuriko ya maelfu ya miaka. Kwa mpimaji, upepeo ule ni onyo.

Jina Las Vegas ni la Kihispania, na maana yake ni mbuga za majani. Aliyelitoa hakuwa na mzaha. Chemchemi zilibubujika hapo na majani yakaota. Tarehe 3 Mei 1844 afisa wa jeshi, John C. Frémont, aliyekuwa akichora njia za magharibi, alipiga kambi hapo. Akapima joto la maji ya chemchemi mbili, akaandika nyuzi 71 na 73 za Fahrenheit, akasema yanafaa sana kwa kuoga. Wapaiute wa Kusini walikuwa wakiyaoga vizazi na vizazi bila kipimajoto.

Katika nchi ya mvua mchora ramani haandiki jina la kila kisima. Jangwani huandika. Mwaka 1909 Shirika hilohilo lilitoa kitabu kizima cha kuorodhesha mahali pa maji katika majangwa ya kusini mashariki ya California na kusini magharibi ya Nevada, ili msafiri asife kwa kiu kati ya nukta moja na nyingine. Nukta ya buluu katika karatasi hii ilikuwa na thamani kuliko herufi kubwa za jina la mji.

Naomba ruhusa ya hadithi moja ya wapima, maana hatuna nyingi za kujisifia. Mwaka 1902 bibi mmoja mjane, Helen Stewart, aliliuza shamba lake kubwa la bondeni kwa watu wa reli ya Seneta William Clark. Shamba lilihitaji kupimwa, na mpimaji aliyepewa kazi, J. T. McWilliams, akagundua kipande cha ekari 80 ambacho hakikuwamo katika hati ya mtu yeyote. Unadhani alikwenda kumnong'oneza bibi? Alikichukua mwenyewe! Akakigawa viwanja, magharibi ya reli, akaanza kuuza. Kampuni ya reli nayo ikapiga mnada wake mashariki ya reli, tarehe 15 na 16 Mei 1905. Maji yalikuwa ya kampuni, stesheni ilikuwa ya kampuni. Watu wakahamia mashariki, na Septemba ya mwaka huo moto ukaunguza sehemu kubwa ya mji wa McWilliams. Vijana, upimaji una siku zake. Kwa upande wa Wapaiute, mwaka 1911 zilipatikana ekari 10 kutoka kwa bibi yuleyule ziwe makao yao. Ekari kumi, kwa watu ambao bonde zima lilikuwa lao. Iliwabidi wangoje hadi 1983 ndipo Bunge la Marekani likawaongezea ardhi kaskazini magharibi ya mji.

Nitaupita haraka ule wa pili. Ni wa 1952, kipimo 1:62,500, na mkono wa picha zilizopigwa kutoka angani unaonekana humo. Mji sasa ni mji. Sensa ya 1950 ilikuta watu 24,624. Hapo ndipo nilipoahidi kugusa kamari. Fuateni huu mstari wa mpaka wa mji, halafu tazameni barabara inayoshuka kusini kuelekea Los Angeles. Barabara inatoka nje ya mpaka, na huko nje ndiko kumbi kubwa za kamari zilikoanza kujipanga. Wenye kumbi hawakutaka mji uwameze na kuwatoza kodi yake, na mwishoni mwa 1950 eneo lao likatangazwa kuwa mji mwingine kwa jina, Paradise. Basi zile taa zote ambazo dunia nzima huziita Las Vegas, nyingi ya hizo haziko Las Vegas. Ukitaka kubishana na mtu aliyekwenda huko, mwonyeshe ramani.

Ukiunga karatasi za jirani upande wa mashariki utakuta doa kubwa la buluu lililozuka ghafula. Ni ziwa la Mead, lililozuiwa na bwawa la Hoover lililojengwa 1931 hadi 1936. Na kando ya doa hilo kuna kisa cha kijiji cha St. Thomas. Wamormoni walikianzisha 1865, wakiamini hawamo katika Nevada. Upimaji wa mpaka mwaka 1870 ukaonyesha kuwa wamo, na Nevada ikadai kodi ya miaka ya nyuma, ilipwe kwa dhahabu au fedha. Mwaka 1871 wakafunga mizigo, karibu wote. Mstari mmoja wa mpimaji umehamisha kijiji! Watu wengine walikuja kukaa baadaye, na 1938 ziwa likafika mlangoni nao wakatoka. Wachora ramani wakapaka buluu juu ya nyumba, shule na barabara.

Basi, wangapi hapa wangesema kwamba tangu siku ile karatasi ya zamani haikuwa na kazi tena? Ilionekana hivyo. Mwaka 1983 ziwa lilijaa hata likamwagika kwenye njia zake za dharura. Lakini tangu mwaka 2000 hivi ukame ulishika, na Julai 2022 uso wa ziwa ulikuwa futi 1,040 hivi juu ya bahari, chini kuliko wakati wowote tangu 1937 lilipokuwa likijazwa. St. Thomas imetoka majini. Watu hutembea leo kati ya misingi na ngazi zisizopanda popote, na anayetaka kujua ngazi ile ilikuwa ya nyumba ipi, hana budi kuitafuta karatasi ya kabla ya bwawa.

Kwa upande wa kaskazini magharibi, maili 65 hivi kutoka mjini, nitasema neno moja tu kwa ajili ya wenye mitihani. Huko serikali ya Marekani ilifanya majaribio 928 ya nyuklia kati ya 1951 na 1992, mengi yao chini ya ardhi. Ardhi iliporomoka ndani ya matundu yaliyoachwa. Ramani za Yucca Flat zina duara nyingi za kontua zenye meno yanayotazama ndani. Mkiletewa mstari wa namna hiyo andikeni: shimo. Lile liitwalo Sedan, la 6 Julai 1962, lina kina cha futi 320. Washoshone wa Magharibi wanasema mpaka leo kwamba nchi ile ni yao kwa mkataba wa 1863; hilo halina alama yake katika orodha ya alama za ramani.

Haya, ya tatu. Kwa kweli ni mbili nilizozigundisha, Las Vegas NW na Las Vegas SW, za 1967, kipimo 1:24,000. Hapa mtu anaona hata kona ya mtaa. Katikati ya mji mmepakwa rangi ya waridi. Maana yake ni kwamba nyumba zimekuwa nyingi mno, mchoraji ameacha kuzichora moja moja. Amebakiza shule, makanisa na majengo makubwa. Ni desturi ya kazi, siilaumu. Ila itazameni vizuri hiyo waridi, magharibi ya reli, pale pale palipokuwa na ekari 80 za McWilliams. Panaitwa Westside. Katika miaka ya 1930 na 1940 Wamarekani Weusi walisukumwa huko. Aliyekuwa na duka katikati ya mji alinyimwa leseni mpaka ahamie ng'ambo ya reli, na kwa miaka mingi mitaa yao ilikosa lami na mabomba ya maji machafu. Hadi makubaliano ya Machi 1960 hawakuruhusiwa kulala katika hoteli walizozifagia, wala katika zile walizoziimbia. Ramani imepaka waridi ileile pande zote mbili za reli. Kwa hiyo nasema ramani ni shahidi mwaminifu, lakini hujibu alichoulizwa tu.

Sasa tazameni rangi nyingine, ambayo haikuwamo katika zile mbili: zambarau. Shirika lilipokuwa halina muda wala fedha za kupima upya, lilichukua picha mpya za angani, likachora yaliyoongezeka kwa zambarau juu ya karatasi ya zamani, bila mpimaji kwenda kuyahakiki kwa miguu. Katika miaka ya 1970 na 1980 zambarau iliutambaa mji ule kama mafuta ya taa kwenye kitambaa. Mimi naipenda sana zambarau. Inakiri wazi: haya tumeyaona kwa mbali. Laiti kila anayesema jambo asilolihakiki angelazimishwa kulisema kwa zambarau!

Chini ya zambarau, buluu iliyokatika ingalipo. Huu hapa mstari unaotoka kwenye upepeo wa magharibi na kupita katikati ya mahoteli: korongo liitwalo Flamingo Wash. Siku nyingi za mwaka halina hata tone, na mtu wa kununua kiwanja akilitazama huona mchanga mtupu. Caesars Palace ilifunguliwa 1966 kando yake. Tarehe 3 Julai 1975 mvua kali ilinyesha upande wa milima, na mto wa msimu ukakumbuka njia yake. Mamia ya magari yaliyoegeshwa kwenye hoteli ile yaliharibika. Tarehe 8 Julai 1999 yakaja mafuriko mengine makubwa na watu wawili walikufa. Baina ya mafuriko hayo mawili, mwaka 1985, iliundwa mamlaka maalumu ya kuzuia mafuriko ya bonde lile, nayo imejenga mabwawa ya kuyapumzisha maji na mifereji mikubwa. Ukiitazama mifereji hiyo kwenye ramani za leo, mingi inaifuata ile buluu iliyokatika.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mji huu.

Mwaka 1935, ziwa la Mead lilipoanza kujaa, wapima wa serikali walipita nchi ile yote wakipima vimo kwa usahihi wa hali ya juu, wakiacha vifuniko vya shaba kwenye zege kama alama. Walitaka kujua kama uzito wa maji mengi kiasi kile ungeididimiza nchi. Ni swali la kitaalamu kabisa, wala halikuwahusu watu wa mjini. Nchi ilididimia kweli chini ya ziwa, inchi chache. Lakini wapima waliporudi 1940 na 1941 na pimamaji zao, waliona jambo ambalo hawakulifuata: alama zilizo mjini, zisizokuwa na ziwa juu yake, nazo zilikuwa zimeshuka.

Sababu ilikuwa visima. Tangu mwanzo mji ulitoboa ardhi, na maji ya chini yalikuwa na nguvu hata yakaruka yenyewe bila pampu. Watu waliyaacha yaruke. Mji ulipokua, yakavutwa zaidi ya yale ambayo theluji ya Charleston iliweza kurudisha. Udongo wa mfinyanzi uliotawanyika kati ya tabaka za changarawe, ukinyang'anywa maji, hujibana kama godoro la pamba lililolaliwa miaka mingi, na ukirudishiwa maji hauumuki tena kama zamani. Katika sehemu nyingine za bonde maji ya chini yalishuka futi 300 hivi. Mwaka 1962 chemchemi zile, zile za Frémont, zilikauka kabisa usoni mwa ardhi. Alikuwako samaki mdogo ambaye hakuishi penginepo duniani ila katika maji yale, naye ametoweka. Mwaka 1971 bomba kubwa lilianza kuleta maji ya ziwani kwa wingi, na baadaye wakaanza hata kuyarudisha mengine ardhini wakati wa baridi. Mahali pa chemchemi pamehifadhiwa, na tangu 2007 ni bustani ya makumbusho. Lakini godoro limekwisha lala. Kufikia mwisho wa karne, sehemu za kaskazini magharibi ya bonde zilikuwa zimeshuka zaidi ya futi tano tangu 1935. Urefu wa mtu, ndugu zangu. Mimi nikisimama hapa, ni utosi wangu tu ungeonekana.

Hebu wekeni kidole hapa, North Las Vegas. Pana mtaa uitwao Windsor Park. Katikati ya miaka ya 1960 zilijengwa hapo nyumba 241, na walionunua walikuwa hasa familia za Wamarekani Weusi, wengi wao wakipata nyumba yao ya kwanza katika mji uliowafungia milango mingine. Mtaa ulikaa juu ya nyufa za kale za ardhi, katika upande uleule unaozama. Kabla ya 1950 watafiti walikwisha chapisha kwamba bonde linashuka. Walijua kwa kulinganisha vimo vya 1935 na vya baadaye. Habari ilikuwapo, karatasini. Miaka ilivyopita kuta za Windsor Park zikapasuka, sakafu zikainama, mabomba yakavunjika chini ya barabara. Nyumba nyingi zilibomolewa, baadhi ya watu wakahamishwa, na familia kadhaa zikabaki kati ya viwanja vitupu, na nyumba ambazo hazikuuzika wala kukopeka. Ni 2023 tu ndipo bunge la Nevada lilipopitisha sheria ya kuwapatia mahali pengine.

Nimekaa katika ofisi za ramani miaka mingi, na kila mahali nimesikia neno lilelile: karatasi mpya imekuja, za zamani zimepitwa, zipelekwe stoo, na kutoka stoo, mnajua, huenda kufungia maandazi. Fikirini kama waliorudi 1941 wangekuta daftari za 1935 zimefungiwa maandazi. Wangepima vimo vipya kwa usahihi uleule, wakavichapa, na hakuna ambaye angejua kwamba mji unazama. Kimo cha 1935 kilikuwa sahihi siku yake, cha 1941 kilikuwa sahihi siku yake, na habari yenyewe ilikuwa katika tofauti ya namba hizo mbili. Wala haikuhitaji mtambo wowote kuiona, ila kutoa.

Ndugu Mwalimu Mkuu, hapa naomba radhi niingie nyumbani kwako. Katika chumba cha Jiografia liko kabati la droo pana. Wazee wenzangu wanalikumbuka. Ndimo zilimokuwa karatasi za 1:50,000 tulizosomea kontua, zile zilizotengenezwa na idara ya Waingereza ya kupima makoloni iliyoanzishwa 1946, kisha zikarekebishwa na idara yetu wenyewe. Nimeambiwa kabati linatakiwa litoke ili meza za kompyuta zipate nafasi. Sina ugomvi na kompyuta. Ramani za Las Vegas nimezipata humo. Lakini hakuna aliyeweka za kwetu humo, na mpaka awekwe mtu wa kuzipiga picha moja moja, droo zile ndizo intaneti yetu.

Jana jioni niliomba ufunguo, nikaitoa karatasi ya eneo hili. Wino umefifia na panya wameonja pembe moja, lakini inasomeka. Shule yetu imo, vijidoti sita. Na nyuma ya mabweni, ukishuka upande wa mashambani, iko nukta ya buluu, na kutoka kwenye nukta unashuka mstari wa buluu uliokatika-katika. Vijana niliowauliza hawajui chemchemi yoyote pale. Wanajua uwanja mkavu wenye magugu. Mwenyekiti amekwisha tuonyesha mchoro wa bweni jipya tunalolichangia leo, nami nimetoa changu kwa moyo mweupe. Nikauweka mchoro ule juu ya karatasi ya zamani, kwa jicho tu. Kona ya mashariki ya bweni inakaa juu ya mstari huo, au karibu nao mno.

Huenda maji yale yalikufa zamani. Huenda yamegeuzwa na barabara ya juu. Yote yawezekana, na sitaki fundi wala kamati ianze kutafutana lawama kwa sababu ya mstari wa milimita tano. Ninachoomba ni msingi usichimbwe kabla ya kupimwa. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa pale kiwanjani na pimamaji yangu ya zamani na karatasi hiyo. Nahitaji vijana wanne wa kushika fimbo na kuvuta kamba, mmoja wa kuandika, na awe na penseli, si kalamu ya wino. Kadhalika nahitaji wazee wawili watatu waliolala Bweni la Pili enzi zile, wanaokumbuka maji ya masika yalikuwa yakipita wapi usiku. Aliyekuja na viatu vya mjini aazime gambuti jikoni.